Orodha ya Walengwa

Kasulu, 4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na wajukuu zako hatujambo, ila mvua inatumaliza. Soko limekuwa tope, na mashine yangu ya kukatia ushuru naifunika kwa mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga. Habari za nyonga? Najua utajibu "nzuri tu", kwa hiyo nilimpigia simu jirani yako Consolée. Ameniambia unakula mara moja kwa siku, na mahindi yamemezwa na magugu.

Usimkasirikie yeye, nikasirikie mimi, maana nina jambo. Mwezi huu kijiji kitaandika kaya za kuingia kwenye mpango wa ruzuku kwa wasiojiweza. Jiandikishe, baba. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, na ninachopata kinaishia kwenye chumba na sare za shule. Ningekuwa na uwezo nisingekuomba hivi.

Kwenye simu hunisikii vizuri, ndiyo maana nampa barua Fidele wa Hiace.

Mwanao,
Maximilla

---

Kumsenga, 12 Machi 2024

Mwana wanje Maximilla,

Marahaba, na amahoro kwenu nyote. Mimi mzima, nyonga inasumbua asubuhi tu. Consolée mwambie aangalie chungu chake.

Jibu langu ni hapana. Tulipovuka kutoka Burundi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilisimama foleni ya unga nikiwa nimeshika kadi. Siku nilipopewa cheti cha uraia nilijiambia foleni imekwisha. Ushuru wa kahawa nimelipa, leseni ya baiskeli nimelipa, mchango wa zahanati nimelipa, na stakabadhi zote ninazo pamoja na vitabu vyangu vya ukatekista. Anayelipa ni mwenyeji. Anayepewa bado ni mgeni.

Tena ruzuku hiyo inatoka wapi? Kwako wewe, unayemkata ushuru mama wa Munanila aliyekuja na ndizi. Mimi nile jasho lake nimekaa kivulini? Serikali ipeleke dawa zahanati, itengeneze barabara. Hivyo tunatumia wote, bila kumnyooshea mtu kidole mkutanoni kwamba huyu ndiye maskini.

Na huyu mtendaji wetu, Anania, anapita na kipaza sauti akitangaza "walengwa, walengwa". Neno gani hilo? Mimi nikisikia mtu analengwa, natafuta pa kukimbilia.

Baba yako,
Pasikali

---

Kasulu, 20 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, mdogo alikuwa na kikohozi lakini kimeisha.

Neno lako la walengwa limenichekesha mpaka nikamsomea mwenzangu wa kazini. Ni lugha ya ofisi tu, baba. Maana yake ni watu waliokusudiwa kusaidiwa.

Sasa nami nikuulize. Mlipokuwa mnalima ikibiri, leo shamba la huyu, kesho la yule, mwenzenu akivunjika mguu, shamba lake mlikuwa mnaliruka? Hamkuliruka. Wewe mwenyewe ulinichukua nikiwa mdogo, tukaenda kulima kwa Nduwayezu alipolazwa, na hakuna aliyemwita mgeni. Umelima mashamba ya wenzako miaka yote kwa kahawa yako na stakabadhi zako. Sasa zamu imefika kwako, unasema hapana, mimi mgeni!

Mama wa Munanila kweli yupo. Juzi aliniuliza, "Weye mwana, ushuru huu unakwenda wapi?" Nikabaki nabonyeza mashine. Swali hilo linanikera kuliko matusi.

Utanisamehe ukishashiba: nimezungumza na Anania. Jina lako litasomwa mkutanoni pamoja na mengine.

Mwanao,
Maximilla

---

Kasulu, 30 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Fidele amerudi mara tatu mikono mitupu. Consolée anasema ulitoka katikati ya mkutano, na ukaonekana nyumbani siku ya tatu, miguu imechubuka. Simu hupokei. Kama una hasira, niandikie hata mstari mmoja wa hasira.

Maximilla

---

Kumsenga, 19 Mei 2024

Mwana wanje,

Marahaba. Ni mzima. Niliona aibu kushika kalamu.

Sikukuambia kamwe jinsi babu yako alivyokufa. Nilikuwa nasema "vita", nawe ukaridhika. Ilikuwa mwaka sabini na mbili. Watu wa kilima chetu, ndicho kijiji chetu kule Burundi, waliitwa mkutanoni. Mtu alisimama na karatasi akaanza kusoma majina, polepole, kwa sauti nzuri tu kama ya mwalimu. Baba alisikia jina lake, akasimama, akavuta shati lake likae vizuri. Alidhani ni jambo la ofisi. Waliosomwa walipandishwa lori. Sikumwona tena.

Sasa Anania, kijana mwema ambaye nilimfundisha mimi Komunyo ya Kwanza, amesimama na karatasi yake, akasema, "Orodha ya walengwa." Akasoma. Wa kwanza, wa pili. Kisha akasema, "Habonimana Pasikali." Akili ilijua tuko Kumsenga na mwaka ni huu. Miguu haikujua. Nilijikuta ng'ambo ya mto, kwenye migomba ya mtu.

Sikuchukii. Ulitaka nile. Lakini umeliweka jina langu kwenye karatasi bila mimi.

Baba yako,
Pasikali

---

Kasulu, 27 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kibandani sokoni na nimelia mbele za watu. Neno lile lilinichekesha, nikalisoma kwa sauti ili na mwingine acheke. Nisamehe. Sikujua, na hata kama sikujua, sikuwa na haki ya kukuamulia.

Nimempigia Anania. Orodha itathibitishwa kwenye mkutano wa tarehe 20 Juni, na jina linaweza kufutwa kabla ya hapo. Ukitaka lifutwe, nitumie neno kwa Fidele, na sitauliza tena. Mawazo yangu hayajabadilika. Bado naona ni haki yako. Lakini heri nikuletee mimi debe la mahindi la kukopa kuliko kukuona unakimbia.

Yule mama wa Munanila aliniuliza tena. Safari hii nilimwambia, "Mwingine unakwenda kwa wazee kama baba yangu, nyonga imemshinda." Alinitazama, akacheka, akasema, "Afadhali sasa namjua mmoja anayeula."

Mwanao mwenye kosa,
Maximilla

---

Kumsenga, 9 Juni 2024

Mwana wanje mpendwa,

Marahaba, amahoro, na kosa limeshasahaulika. Nyonga leo ni mbaya, nasema ukweli kwa mara ya kwanza.

Wiki iliyopita Consolée alikuja na wanawake watano, wakapalilia shamba langu lote. Hawakuniomba ruhusa, na sina cha kuwarudishia, maana sitalima tena kwa mtu. Niliona hasira, kisha nikaingia ndani nikalia. Jioni niliwapa chai. Wakanywa, wakanitania kwamba magugu yangu yalikuwa na umri wa kupiga kura.

Usilifute jina.

Si kwamba umenishinda. Nasema bado kwamba dawa zahanati ziwe kwanza, na kwamba neno lile ni baya. Nilimwomba Anania aseme "wanaostahili", akanijibu kwamba fomu imekuja hivyo. Bazilio mwenye mbuzi sita naye alitaka kuandikwa. Consolée anasema, baada ya mimi kutoka, mkutano ulimzomea mpaka akazomea na yeye. Kwa hiyo watu wanaona, na hilo limenipa moyo kidogo. Yule mama wa Munanila mwambie huyo anayemjua anaitwa Pasikali, na anamshukuru.

Lakini naogopa, mwanangu. Nina miaka sitini na minne na naogopa karatasi. Siwezi kukaa pale tena mwanamume akalitaja jina letu. Nimemweleza Anania yote, hata habari ya babu yako. Amekubali nilichomwomba.

Omba ruhusa kazini, Alhamisi ya tarehe ishirini uje. Orodha utaisoma wewe, majina ya watu wote, yasomeke kwa sauti ya mtoto wa hapa. Usiharakishe. Mimi nitakuwa benchi la mbele. Ukifika kwangu, nitasimama.

Baba yako,
Pasikali Habonimana