Niliyefua Ovaroli za Kiwanda cha Betri

Jumatatu, 3 Machi
Shuka mbili tu, vidole vikafa ganzi. Nyingine nimeziacha kwenye beseni. Mwenye nguo atanuna. Anune.
Wakili wangu kapiga simu. Kiwanda kimejibu madai: hakinijui. Miaka sita nimefua ovaroli za wayeyusha betri wao kule Buswelu, vumbi la madini ya risasi likiniingia puani, leo hawanijui. Damu yangu inawajua. Hospitali imeiona hiyo risasi na kuiandika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda Buzuruga kwa Mama Sophia. Tulikuwa tunafua naye pamoja. Wakili anataka shahidi mmoja tu wa kusema nilikuwepo. Hakunikaribisha ndani.
"Mdogo wangu, Sophia wamempa kazi ofisini pale kiwandani. Juzi tu. Unataka wamfukuze?"
Akalia. Mimi sikulia. Nimemchukia. Na waliompa Sophia kazi nawachukia zaidi. Walijua pa kubana.

Jumamosi, 8 Machi
Tumbo. Siku nzima.

Jumatatu, 10 Machi
Mahakamani. Wakili wao anasema labda sumu niliipata kwenye vipodozi. Au kwenye samaki wa soko la Mwaloni, Kirumba. Samaki! Basi Kirumba nzima ingekuwa inatetemeka mikono.
Hakimu kauliza mkataba. Sina. Vibarua tulisaini daftari la getini, na daftari wanasema limepotea. Nimepewa wiki moja nilete shahidi. Nilitamani kupiga kelele. Nikasema ndiyo, mheshimiwa.

Alhamisi, 13 Machi
Lukasi kaja. Msimamizi wetu wa zamani, mtu niliyemlaani miaka sita. Amekonda, shati linampwaya. Kasikia natafuta shahidi. Nikamwambia aondoke. Alipofika barabarani nikamwita. Kumhitaji yeye ndiko kunakonichoma kuliko yote.

Jumatatu, 17 Machi
Lukasi kasimama kizimbani. Nayaandika maneno yake yasije yakanipotea.
"Huyu mama namfahamu. Mimi ndiye niliyemwamuru akung'ute vumbi kwanza ndipo aloweke, maji yasichafuke haraka. Aliomba barakoa. Nikamwambia ajifunge kanga."
Wakili wao akadakia: una kinyongo na kiwanda, ulifukuzwa?
"Sikufukuzwa. Nilistaafu vizuri, na zawadi nikapewa. Ovaroli zangu mimi alikuwa anafua mke wangu. Nimemzika Januari."
Nilikuwa nimejiandaa kumchukia hadi mwisho. Sasa hasira sijui niiweke wapi. Hapana, najua. Ile ya kiwanda imeongezeka.

Jumatano, 26 Machi
Uamuzi umetoka. Hakimu kakubali: nilikuwa mfanyakazi wao. Shauri linaendelea, na nitapimwa na daktari asiyelipwa na kiwanda. Mikono haitapona, hilo niliambiwa zamani.
Jioni Mama Sophia kaja. Hakuomba msamaha, wala sikumdai. Kakaa kwenye mkeka, kainua kanga kunionyesha miguu. Imevimba. Kasema Sophia hajui kama yuko hapa. Akauliza wakili wangu anapatikanaje.
Nikachukua kalamu nimwandikie namba. Mkono ulitetemeka, tarakimu zikapanda na kushuka, nikachana karatasi, nikaanza upya. Ilichukua muda.
Alisubiri.