Ramani ya Bandari ya Mifupa

Ibra, Jumanne

Dada yangu Radhia,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai huko Sur hamjambo, wewe na shemeji, na kikohozi cha mwanenu Lamees kimeshamwacha. Sisi huku wazima. Mama anakula, anasali, goti tu ndilo linalomsumbua.

Mara mbili umenipigia simu kuniomba ramani za mchezo wetu ule wa kubuni miji na kujifanya wachawi na mashujaa, uwachezeshe wanao, na mara mbili nimekudanganya kwamba sizioni. Ninazo kabatini, karatasi zile zile alizozigundisha marehemu kaka yetu Adham, na madoa ya chai yako. Bandari ya Mifupa ipo nzima: soko chini ya mbavu za nyangumi, mkahawa wa vipofu, na lango alipofia mchawi wako, ukalia hata Mama akatoka jikoni mbio kuuliza nani kafa. Alipoambiwa ni mtu wa kwenye karatasi, alitutukana sote watatu, akasema siku moja majini watatujibu. Dada, nimeona miji mingi, lakini ninaoutamani ni ule ambao haukuwapo.

Mchezo tuliuacha, ila dadu la pande ishirini lilibaki mezani. Unakumbuka, nani aoshe gari, nani aende sokoni, tulirusha, na mwenye namba ndogo ndiye aliyekwenda. Adham akisema dadu halina upendeleo, wenye upendeleo ni watu.

Sasa nisikilize. Miaka mitatu iliyopita, siku Mama aliporuhusiwa kutoka hospitali Nizwa, alipiga simu akataka mmoja wetu akamchukue. Mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri na watu walionywa wasivuke mawadi, yale mabonde makavu yanayogeuka mito mvua ikinyesha. Nilitaka tungoje kesho. Adham akasema Mama kachoka kulala kule, turushe tu yaishe. Akarusha, akapata tisa, kisha akaenda kuepua chai iliyokuwa ikifurika jikoni. Nikarusha mimi. Ikaja tatu. Niliogopa, dada, sina neno jingine. Nikaligeuza kwa kidole, na aliporudi nikamwonyesha kumi na saba. Alicheka, akaniita mwizi kwa utani, akachukua funguo. Maji ya wadi yalimchukua kabla hajafika Bidbid.

Safari ile ilikuwa yangu. Msibani niliwaambia watu kwamba Adham alijitolea, nami nilimzuia ila hakunisikiliza. Yeye akasifiwa kwa kumpenda mama yake, nami nikasifiwa kwa kumzuia. Sasa unajua kwa nini ramani zile sikuweza kukuletea.

Labda ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini Ijumaa iliyopita nilimkuta Mama juu ya msala, hakunisikia nikiingia. Alikuwa akimwomba Mungu amsamehe kwa kumuua mwanawe, kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga simu. Nilipomuuliza, alisema huomba hivyo kila sala tangu siku ile.

Nitamwambia Ijumaa hii, tukishatoka msikitini. Nakuomba uje. Usikae upande wangu, kaa karibu naye umshike mkono, maana sijui atalipokeaje.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Ukishasoma haya, ukaona huwezi tena kuniita ndugu, sitakulaumu. Njoo hivyo hivyo, kwa ajili ya Mama.

Nduguyo,
Harub