Betri Mbili na Pumzi ya Baba

Jumatatu, 6 Aprili
Nimepandisha betri mlimani mara nne leo. Bega limechubuka.

Baba ametoka hospitalini na mashine ya oksijeni, na huku Manga stima hakuna tangu transfoma iungue. Nikajifanya mwokozi. Mimi na mke wangu Kemunto tunaishi ndani ya gari: kitanda, friji, betri mbili, paneli ya sola juu. Lakini gari haliwezi kupanda kijia cha kwa Baba. Limebaki chini, karibu na kituo cha majani chai. Betri moja inachajiwa garini, nyingine iko juu na inveta ya kugeuza umeme wake, ikiendesha mashine. Kisha nabadilisha.

Jumanne, 7 Aprili
Mvua. Paneli haileti kitu.

Nimepiga hesabu. Betri ikijaa ina kama wati-saa 1,200, na ukipita nusu unaiua. Mashine inakula 350 kila saa. Inveta nayo inachukua chake. Haifiki saa mbili. Kuijaza tena kwa injini ni zaidi ya saa tatu, maana betri hunywa polepole. Pengo hilo Baba analipumua mwenyewe, midomo ikigeuka rangi.

Miaka mitatu nimeishi garini nikidhani naujua umeme wangu. Nilijua taa na friji. Friji ikizimika maziwa huchacha, basi.

Jumatano, 8 Aprili
Inveta ililia kwamba betri imeshuka. Baba alikuwa anahema. Sikuzima. Nikaiacha inyonywe hadi mwisho.

Sasa haishiki chaji. Nimeiua kwa mkono wangu nikijua. Imebaki moja.

Alhamisi, 9 Aprili
Nimemsihi Baba ashuke alale garini. Injini ingenguruma na kuilisha mashine moja kwa moja, isingezimika. Amekataa.

"Hapo ndipo unalala na mkeo," alisema, akivuta pumzi katikati. "Mimi siingii. Hiyo ni chinsoni."

Heshima hiyo niliijua kabla sijajua kusoma: mzazi haingii mahali anapolala mwanawe aliyeoa. Nilikuwa nimetumaini kwamba magurudumu yanabadilisha kitu. Ni upumbavu. Nimemkasirikia mgonjwa, nami naona aibu.

Ijumaa, 10 Aprili
Tumeng'oa kitanda. Kemunto alishika spana. Kikanyeshewa pale kituoni, wachumaji chai wakikitazama.

Nikapanda kumwambia Baba. Akatikisa kichwa. Kwake, nyumba yangu ni yangu tu, iwe na kitanda au isiwe nacho.

Nimechoka. Sijui nimlaumu nani.

Jumapili, 12 Aprili
Baba mdogo Nyakundi, ndugu yake Baba, ndiye aliyeona njia. Alisema nimpe Baba gari, liwe nyumba yake.

Nikampa. Ufunguo na karatasi za gari, mbele ya wazee wawili. Nikasema sina nyumba tena, hii ni yake. Baba aliupokea ufunguo.

"Na nyinyi mtalala wapi?"

Kemunto alijibu kabla yangu kwamba tutalala kwa dada yake, huko Birongo.

Majirani walimshusha kwenye kiti hadi garini, na kitanda chake mwenyewe kikaja nyuma.

Jumatatu, 13 Aprili
Injini inanguruma tangu alfajiri. Mashine haijazimika hata mara moja. Midomo ya Baba imerudi rangi yake, anasema Nyakundi. Daktari alishatuambia hewa hii inamsogezea siku tu, haimponyi.

Mimi sijamwona tangu aingie. Ni nyumba yake sasa, chumba kimoja, na ndipo anapolala. Chinsoni inanifunga mimi pia: mwana haingii hapo. Nyakundi yuko ndani, amemshika mkono. Mimi nimekaa nje kwenye ngazi, mgongo kwa mlango, naangalia geji ya chaji kupitia dirisha la dereva ninapoinuka.

Saa nne alikohoa, akaniita kwa jina. Nikaitika kutoka hapa.