Dozi Niliyoisoma kwenye Taar

Garissa, Jumatano, 1996

Nimechoka, na sauti imekauka. Tangu chuo kifungwe, kila asubuhi naenda dukani kwa mjomba kuwasomea wenzangu noti za udaktari wa mifugo kwenye taar, ile redio yake ya kuongea na jamaa wa mbali. Zahra yuko Griftu, Noor yuko Hulugho, na kitabu ninacho mimi peke yangu. Nyuma yangu wafanyabiashara wananung'unika, wanataka kuuliza bei ya mbuzi.

Leo Noor aliuliza, "Walaal, ndugu yangu, ile dozi ya sindano uliyosoma jana ni ya mnyama gani?"

"Ng'ombe," nikasema. "Jana nilisahau kutaja. Ngamia, dozi hiyo inaweza kumuua."

Kisha ikaingia sauti ya mzee nisiyemjua, kutoka Habaswein. Alitoa salamu, akasema hutusikiliza kila siku.

"Jana niliandika ulivyosema. Ngamia wangu wawili wameshadungwa. Sasa nifanye nini, daktari?"

Nilimwomba anipe muda nitafute kitabuni. Nimesoma ile sura ya dozi mara nne. Inasema tu kwamba ngamia hufa.

Mzee amesema kesho saa tatu atakuwa kwenye taar, ananisubiri. Mimi hata mwaka wa tatu sijafika.