Bampa Iliyopauka

Jumamosi

Nikisema imepauka, Elia anasema plastiki haina ngozi. Mjukuu anamfundisha bibi yake. Bampa ya gari lake la mtumba la Japani ilikuwa nyeupe kama magoti yasiyojua mafuta, na leo tulikuwa tunakwenda Kikwe kumposea. Nikaipaka samli, ikang'aa.

Njiani ikabeba vumbi lote. Kufika, ndama wao akairamba mbele ya wakwe. Nikajua tumenyimwa mke.

Mama wa binti akasema, "Shikamoo bibi. Mmeipaka nini?"

"Marahaba. Samli."

"Ya ng'ombe wenu?"

"Kwani niliazima?"

Akacheka. "Basi binti yangu hatakula ugali mkavu."

Wametukubali. Elia anasema Jumatatu atanunua dawa ya plastiki dukani. Anunue. Mke nimempatia kwa samli.