Simu Yako na Siku za Kuamia Ndege

Kakese,
S.L.P. 74,
Mpanda.
26 Mei, 2024.

Mpendwa Kaka Erasmus,

Salamu zitafuata. Kwanza kuna mlio ambao haujanitoka: komeo likisukumwa kutoka nje, chuma juu ya chuma, taratibu, kama mtu anayefungia mbuzi bila kutaka kumshtua. Aliyelisukuma ni baba mdogo Optatus. Aliyemtuma ni wewe.

Sasa salamu. Natumaini huko Arusha mnaamka salama. Mama hajambo, ila goti bado linamsumbua. Mimi ni mzima. Naandika neno hilo nikijua hutaliamini mpaka simu ikuthibitishie.

Ulipoiweka ile programu, baada ya kuugua kwangu chuoni, nilikubali. Ulisema itapima usingizi wangu, hatua zangu na muda ninaotoa sauti, ili baipola, huu ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ikianza kunipandisha ujue mapema. Sikukataa kuangaliwa na mtu anayenipenda. Dawa nameza kila jioni na kliniki sijakosa.

Lakini wewe umezaliwa hapa, kaka. Mpunga umeiva. Nani hulala vya kutosha siku za kuamia ndege? Tunaingia shambani kabla ya jua, tunazunguka majaruba, tunapiga makopo na kupaza sauti kuwafukuza mpaka koo zinakauka. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ikasikia kelele, ikahesabu hatua, ikakuletea mstari mwekundu, nawe ukaona wazimu. Hukunipigia mimi. Ulimpigia baba mdogo.

Nilipogonga mlango alinijibu kwa upole, "Tulia mwanangu, kaka yako ameshaona kwenye simu." Nilipojieleza akasema kuongea sana nako ni dalili. Nje nikamsikia Nyanzala, tunayepakana naye shambani, akimcheka: "Kama huo ni ugonjwa, baba, fungia Kakese nzima, mpunga tuwaachie ndege."

Waliachiwa kweli. Baba mdogo alikaa mlangoni akisubiri neno lako, na mama akabaki shambani peke yake na goti lile. Nimo ndani ya chumba, nitatembea wapi? Hatua zikapungua, ukampigia ukasema nimepona. Nilipotoka, upande wote wa mtoni ndege aina ya kwelea walikuwa wameacha masuke matupu. Hilo simu haikukuonyesha, nawe hujamuuliza mama.

Ugonjwa wangu naujua na siuonei haya. Kinachonichoma ni kwamba ulikuwa na namba yangu, ukaona ni afadhali kunisoma kuliko kuniuliza.

Nisalimie wifi Gaudensia na mtoto Kasimiri. Mama anakusalimu. Baba mdogo bado ananipita bila kunitazama. Mungu awalinde nyote, na wewe akupe masikio.

Ijumaa nilikwenda kliniki Mpanda. Mbele ya daktari nimeliondoa jina lako kwenye ile programu na kuliweka la Nyanzala. Jirani huyo amekubali kwa sharti lake mwenyewe: akiona wekundu, atakuja kwanza kunitazama usoni.

Mdogo wako akupendaye, hata kwa hasira hii,
Dafrosa