Kikombe Kilichoondoka na Boti

Mjukuu wangu Zuhura,

Hapa Kingsbury, London, tu wazima, goti langu tu ndilo linalonuna na baridi. Shangazi yako anakusalimu.

Unasema tangu uhamie Cardiff hujazungumza na jirani yeyote, na waniuliza niliuzoeaje upweke. Sikuuzoea. Miaka ya tisini niliishi peke yangu ndani ya boti, kwenye mfereji pale Hayes. Sheria ya mfereji ilikuwa kwamba kila wiki mbili sharti ufungue kamba, uhamie mahali pengine. Nami, mtu wa Mombasa, nilijua mgeni hukaribishwa na wenyeji. Basi kila nilikohamia nilichemsha chai ya iliki, nikatoa vikombe sita alivyonipa bibi yako, nikangoja hodi. Hakuja mtu.

Asubuhi moja nilichoka kungoja, nikampelekea chai mama wa Kizungu wa boti ya jirani. Akacheka.

"Nami nilikuwa nakungoja wewe," akasema. "Mimi pia ni mgeni hapa."

Lakini wiki zake mbili pale zilikwisha, kamba keshafungua. Akaondoka polepole, usukani mkono huu, kikombe changu mkono ule. Sikumwona tena.

Vikombe vya bibi yako sasa ni vitano. Jirani yako wa mlango wa pili bado hajahama?

Babu yako